Kiwiko Kilichoteguka: Kupima Jeraha Kabla ya Kulipia Tiba



Katika lugha yetu ya kila siku, neno "kuteguka" limebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Mtu akianguka na pikipiki, kiwiko kikavimba, husemwa kuwa ameteguka. Mtoto akivutwa mkono akakataa kuutumia, ameteguka. Bibi akiteleza bafuni akaangukia kiganja, naye ameteguka. Hata hivyo, majeraha hayo matatu yanaweza kuwa mambo matatu tofauti kabisa: ligamenti iliyovutika, mfupa uliotoka mahali pake, au mfupa uliopata ufa. Kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja inaweza kuwa madhara kwa jingine.

Somo hili linamhusu mlaji kwa sababu uamuzi wa kwanza baada ya jeraha la kiwiko huwa pia ni uamuzi wa matumizi ya fedha. Mgonjwa hununua dawa, hununua mkanda wa kiwiko, humlipa mchuaji au hulipia picha ya eksirei. Tunakusudia ukimaliza kulisoma uweze kufanya mambo mawili: kutambua jeraha linalohitaji hospitali siku hiyo hiyo, na kujua unacholipia katika jeraha linaloweza kuuguzwa nyumbani. Somo hili halichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari.

1. Kiwiko kimeundwaje

Kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi, ni kiungo kinachokutanisha mifupa mitatu: mfupa mmoja wa mkono wa juu na mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Mifupa hiyo haishikani yenyewe. Hufungwa pamoja na mikanda ya nyuzinyuzi imara iitwayo ligamenti. Wapo wanaoziita kano, lakini jina hilo hutumika pia kwa nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa. Kwa hiyo hapa tutatumia neno ligamenti ili tusichanganye.

Ligamenti za kiwiko tunazopaswa kuzijua ni za sehemu tatu. Ya kwanza ipo upande wa ndani, ule unaogusana na ubavu mikono ikining'inia huku viganja vikitazama mbele. Hii huzuia kigasha kupinda kwenda nje. Kundi la pili lipo upande wa nje, nalo huzuia kiungo kufunguka na kuzunguka upande huo. Ya tatu ni kama pete, imezunguka kichwa cha mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, ili mfupa huo uweze kuzunguka bila kuchomoka.

Nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko hupita neva inayokwenda kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo ile inayoleta msisimko kama wa umeme unapogonga kiwiko mezani. Kwa sababu hiyo, ganzi katika vidole hivyo baada ya kuanguka ni habari muhimu ya kumweleza daktari.

2. Ligamenti hujeruhiwa vipi

Njia iliyo ya kawaida zaidi ni kuanguka huku mkono umenyooshwa ili kujikinga. Uzito wa mwili hupanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na kiwiko hulazimishwa kupinda upande au kunyooka kupita kiasi. Njia ya pili ni kurusha kitu kwa nguvu mara nyingi, kama afanyavyo mrusha mkuki au mchezaji wa besiboli. Hapo ligamenti ya ndani huchoka kidogo kidogo mpaka siku moja inapochanika. Njia ya tatu huwapata watoto wadogo, hasa wenye umri kati ya mwaka 1 na miaka 4: mtu mzima humvuta mtoto kwa mkono ili kumpandisha kwenye daladala au kumvusha mtaro, na kichwa cha mfupa wa kigasha huteleza kutoka ndani ya ile ligamenti ya pete.

3. Madaraja ya mteguko

Wataalamu hugawa mteguko katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza: nyuzi zimevutika, lakini hazikuchanika kwa kiasi kikubwa. Kiungo ni imara. Panauma ukipabonyeza, na uvimbe ni mdogo. Kwa kawaida hali hutengemaa ndani ya wiki 1 hadi 3.

Daraja la pili: sehemu ya nyuzi imechanika. Uvimbe na michubuko ya ndani huonekana, mkono hupoteza nguvu, na kiungo kinaweza kulegea kidogo. Kupona huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Daraja la tatu: ligamenti imekatika kabisa. Mara nyingi mgonjwa husikia mlio wakati wa jeraha, na baadaye huhisi kiwiko kinaachia anapojiinua kutoka kwenye kiti. Kupona huchukua miezi, na wengine huhitaji upasuaji.

Haja ya upasuaji hutegemea pia kazi ya mkono huo. Mwaka 1974, huko Los Angeles, daktari Frank Jobe aliunda upya ligamenti ya ndani ya kiwiko cha mrushaji wa besiboli, Tommy John, kwa kutumia kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wa mchezaji huyo, naye akarudi uwanjani mwaka 1976. Upasuaji huo ni wa thamani kwa mtu anayeishi kwa kurusha. Mtu asiyerusha, ambaye kiungo chake ni thabiti, anaweza kupona vizuri kwa mazoezi tu. Kwa hiyo ukishauriwa kufanyiwa upasuaji, uliza: "Je, kiungo changu hakiko thabiti, na kazi yangu itaathirikaje nisipofanyiwa?"

Tunasisitiza jambo moja: ukubwa wa uvimbe peke yake hauonyeshi daraja. Ufa mdogo wa mfupa unaweza kuvimba kidogo, na mteguko mwepesi unaweza kuvimba sana.

4. Maswali matano ya kujipima

Jipime kabla ya kumeza dawa ya maumivu, kwa kuwa dawa huficha dalili. Lakini ikiwa jibu la swali la kwanza au la pili linaonyesha hatari, usiendelee na maswali mengine, nenda hospitali.

Swali la kwanza: Je, umbo limebadilika? Linganisha viwiko vyote viwili. Ukiona kiwiko kimepinda kusiko kawaida, nundu ya nyuma imechomoza, au kuna kidonda karibu na kiungo, hilo si jeraha la kuuguza nyumbani.

Swali la pili: Je, vidole viko salama? Tazama rangi, gusa joto, jaribu kuvichezesha vyote. Vidole vyeupe au vya bluu, vya baridi, vyenye ganzi au visivyokunjuka vinaashiria kwamba mshipa wa damu au neva imebanwa. Hiyo ni dharura ya saa chache.

Swali la tatu: Je, mkono unanyooka wote? Kaa, nyanyua mikono yote miwili mbele usawa wa mabega huku viganja vikitazama juu, kisha inyooshe polepole kwa nguvu zako mwenyewe. Mtu mwingine asikusukume. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 1,700 walioumia kiwiko. Karibu nusu ya walioshindwa kunyoosha mkono wote walikuwa wamevunjika mfupa. Kati ya walioweza, waliovunjika walikuwa takriban 3 katika kila 100. Somo lake ni hili: asiyeweza kunyoosha anahitaji picha ya eksirei. Anayeweza anaweza kusubiri, mradi arudi kupimwa ikiwa hali haijatengemaa baada ya siku 7 hadi 10. Jaribio hili haliaminiki sana kwa watoto. Mtoto aliyeanguka akaumia kiwiko apelekwe kituoni hata akinyoosha mkono.

Swali la nne: Panauma wapi hasa? Bonyeza taratibu kwa kidole kimoja. Maumivu makali juu ya mfupa wenyewe, hasa nundu ya nyuma au upande wa nje penye kichwa cha mfupa wa kigasha, huleta shaka ya ufa. Maumivu katika nyama laini chini kidogo ya nundu ya ndani au ya nje huelekea zaidi kwenye ligamenti.

Swali la tano: Je, kiungo kinaachia? Kumbuka kama ulisikia mlio, na kama kiwiko kinahisi kukosa nguvu ya kukubeba. Usijaribu kukisukuma pembeni ili uone kama kimelegea. Kazi hiyo ni ya mtaalamu, ambaye hukunja kiwiko kidogo na kukisukuma kwa kipimo, akilinganisha na kile kizima.

5. Kwa nini kuchua na kuvuta ni hatari

Tunafahamu kwamba katika kaya nyingi mtu wa kwanza kuitwa ni mchuaji au fundi wa mifupa wa mtaani. Yuko karibu, gharama yake inajulikana, na anaheshimika. Hatuna nia ya kumdharau mtu wala kukebehi tiba za wazee wetu. Sheria za nchi zinazitambua, na watoa huduma wake husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini kiwiko kipya kilichoumia si mahali pa kuchua, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, mfupa wenye ufa ukivutwa au kukandamizwa unaweza kuhama, na jeraha lililohitaji plasta ngumu pekee likageuka kuwa la upasuaji. Pili, kiwiko kina tabia ya pekee: misuli iliyo mbele yake ikichuliwa kwa nguvu baada ya jeraha, damu iliyovujia ndani inaweza kugeuka mfupa. Mgonjwa hubaki na mkono usiokunjuka wala kunyooka, wakati mwingine kwa maisha. Tatu, mbao au vitambaa vikifungwa kwa kubana huzuia damu, na uvimbe unapoongezeka misuli ya kigasha hufa. Watoto wamepoteza mikono kwa namna hiyo, ilhali jeraha la mwanzo lilikuwa la kupona.

Ikiwa mzee wa familia anasisitiza kuchua, tunashauri jibu la heshima: "Tupige picha kwanza, tujue ni nini." Jibu hilo halimvunjii mtu heshima, nalo linaokoa mkono.

6. Huduma ya kwanza nyumbani

Kwa jeraha lisilo na dalili za hatari, fanya haya katika saa 48 za mwanzo:

(a) Vua pete, bangili na saa mapema, kabla uvimbe haujashuka kwenye vidole.

(b) Pumzisha mkono kwa kuutundika shingoni kwa kanga au kitambaa, kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa namna isiyoumiza.

(c) Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa 2 hadi 3. Usiweke barafu moja kwa moja juu ya ngozi. Pasipo barafu, kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kinafaa.

(d) Inua mkono juu ya mto unapolala.

(e) Epuka maji ya moto, kuchua, pombe na kazi nzito.

Baada ya siku chache, maumivu yanapopungua, anza kukunja na kunyoosha mkono mwenyewe polepole, mara kadhaa kwa siku, bila kulazimisha. Kiwiko huganda upesi kuliko viungo vingi. Kukifunga kwa wiki nyingi bila maelekezo ya daktari ni kosa sawa na kukitumia mapema mno.

7. Unapofungua pochi

Dawa za maumivu. Parasetamoli inawatosha wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Diklofenaki na aibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe, lakini huweza kudhuru mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la juu la damu au pumu, na wajawazito, hasa kuanzia wiki ya 20. Usitumie hizo mbili kwa pamoja. Soma jina la kiambata na si jina la biashara pekee, kwani dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambata kilekile, na baadhi ya vidonge huchanganya diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na dai risiti.

Dawa za kupaka. Zile zinazoleta joto au ubaridi hutuliza maumivu kwa muda. Haziungi ligamenti. Usizipake kwa kusugua wala juu ya ngozi iliyochubuka.

Mikanda ya kiwiko na bangili za sumaku au shaba. Mkanda wa kunyumbuka huweza kukupa faraja na kukukumbusha kuutunza mkono, mradi usibane. Ukiona vidole vinakufa ganzi, uvue. Mkanda huo hauzuii kiungo kilicholegea kisiachie. Bangili za sumaku au shaba hazina uthibitisho wa kuponya ligamenti. Muuzaji akikuahidi kupona kwa siku 3, mwombe aandike ahadi hiyo kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti ni ushahidi wako.

Vipimo. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Picha iliyo safi haina maana kwamba hujaumia. Ina maana kwamba mfupa uliopigwa picha hauonyeshi kuvunjika. Altrasaundi na kipimo cha MRI huweza kuonyesha ligamenti, lakini wagonjwa wengi wa daraja la kwanza hawavihitaji. Kabla ya kulipia kipimo cha gharama, uliza: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika tiba yangu?" Ikiwa jibu ni "hakuna", una haki ya kusubiri. Ukiwa mjamzito, mwambie mpiga picha kabla ya kupigwa eksirei. Picha yako uliyoilipia iombe pamoja na maelezo yake, ili usirudie gharama hiyo kituo kingine.

8. Mifano ya kufanyia mazoezi

Mfano wa kwanza. Dereva wa bodaboda ameangukia kiganja. Kiwiko kimevimba, umbo halikubadilika, vidole viko salama, lakini mkono haunyooki wote. Uamuzi: apige picha ya eksirei siku hiyo hiyo. Asichuliwe, na asiendeshe.

Mfano wa pili. Mtoto wa miaka 3 alivutwa mkono na dada yake. Hakuna uvimbe, lakini ameuning'iniza mkono na analia ukiguswa. Uamuzi: apelekwe kituo cha afya. Yaelekea mfupa umeteleza kutoka kwenye ligamenti ya pete, na mtaalamu huurudisha kwa muda mfupi sana. Kama mtoto huyo angekuwa ameanguka, au kiwiko kingekuwa kimevimba, asingepaswa kuzungushwa mkono na mtu yeyote kabla ya picha, maana kuvunjika juu kidogo ya kiwiko ni jeraha la kawaida kwa watoto.

Mfano wa tatu. Mwalimu amejigonga na kupinda kiwiko katika mchezo wa netiboli. Ananyoosha mkono wote, panauma upande wa ndani, hakusikia mlio wowote. Uamuzi: huduma ya nyumbani, parasetamoli, mazoezi mepesi. Maumivu yasipopungua ndani ya siku 10, au kiwiko kikianza kuachia, aende kwa daktari.

9. Maswali ya kujipima

(i) Taja majeraha matatu tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja la kuteguka.

(ii) Ni dalili zipi za vidole zinazomfanya mgonjwa aende hospitali bila kusubiri kukuche?

(iii) Kwa nini mkono hujaribiwa kunyooshwa kabla ya kumeza dawa ya maumivu?

(iv) Picha ya eksirei iliyo safi inathibitisha nini, na haithibitishi nini?

(v) Jirani anataka kumchua mwanao aliyeumia kiwiko jioni hii. Utamjibu nini?

Tunakushauri ujadili maswali haya na watu wa nyumbani mwako, hasa wanaolea watoto na wazee. Ukurasa wenye maswali matano ya kujipima ukatwe na kubandikwa mahali panapoonekana, kwa kuwa mtu aliyeumia hana utulivu wa kutafuta kijitabu.